Frankfurt–Vancouver wakati wa kiangazi: Condor, Lufthansa, Edelweiss au kupitia Iceland? Naomba ulinganisho wa viti na huduma

Mama Neema (Mannheim)

Wadau, habari za huko mliko. Kiangazi kijacho tunakwenda Vancouver kwa dada yangu. Tuko watano: mimi, baba watoto, watoto wawili (miaka 9 na 4), na mama mkwe. Yeye magoti yanamsumbua, akikaa muda mrefu bila kunyoosha miguu, kusimama kwake huwa kazi. Yuko huku Ujerumani kwa matembezi, pasipoti yake ni ya Tanzania.

Nimezunguka mitandaoni nikapata njia hizi. Condor wanakwenda moja kwa moja kutoka Frankfurt msimu wa kiangazi. Wengi wetu tunawafahamu kwa safari za Zanzibar na Mombasa. Lufthansa nao wanakwenda moja kwa moja, ila bei yao imenishtua. Edelweiss wanaondokea Zurich, kwa hiyo kuna treni kwanza. Icelandair wanapitia Keflavík, kiwanja chao cha Iceland, na nauli inaonekana nafuu. Mume wangu ana wazo la tano: Condor hadi Seattle, halafu tukodi gari tuvuke mpaka, kwani ni mwendo wa saa 3 hivi.

Safari ya moja kwa moja ni kama saa 10 angani. Watoto watavumilia. Ninachotafuta ni mama asiumie, na tusije tukakwama njiani. Waliopanda, nisaidieni.

Mzee wa Kisauni (Toronto)

Mama Neema, kabla ya kulinganisha mashirika, linganisha ndege. Jina lililoandikwa ubavuni halikwambii magoti ya mama yatakaa wapi. Ukifungua ukurasa wa kukata tiketi, tafuta mahali palipoandikwa aina ya ndege.

Condor safari zao ndefu wanatumia Airbus A330-900, ile A330 mpya waliyoanza kuipokea mwishoni mwa 2022. Ina viti 310: 30 vya daraja la biashara, 64 vya daraja la kati, 216 vya kawaida. Daraja la kawaida limepangwa 2-4-2, yaani viti viwili, njia, vinne vya katikati, njia, na viwili tena. Huo ndio mpangilio ninaoupenda kuliko yote kwa familia, maana kando ya dirisha kuna viti viwili tu. Mama akikaa kiti cha njiani na mjukuu akakaa dirishani, hakuna mgeni wa kumruka kwenda chooni.

Huku Canada tuna Air Transat, nao ni wa likizo hasa, makao yao Montreal. Wana A330 na wana A321LR, na hizo ni safari mbili tofauti kabisa japo sare za wahudumu ni zilezile. A321LR ina njia moja katikati, viti 3-3, jumla 199. Mbele kuna viti 12 vya daraja la Club, vipana, vinaegemea vizuri, lakini havinyooki kuwa kitanda. Kwa mtu wa Montreal anayekwenda Lisbon au Paris saa 6 au 7, inatosha. Kinachochosha ni njia moja: toroli la chakula likitoka, aliyetaka choo anasubiri lipite.

Juma wa Newark

Naunga mkono hoja ya Mzee. Huku kwetu United wameongeza safari nyingi za kiangazi kwenda sehemu ambazo zamani hazikuwa na ndege ya moja kwa moja kutoka Marekani. Mwaka 2025 walianza Newark–Nuuk kule Greenland, na Newark–Funchal kwenye kisiwa cha Madeira. Hizo walikwenda na Boeing 737 MAX 8. Sasa mtu aliyezoea bizinesi ya United kwenye 767, ambako kiti kinanyooka kikawa kitanda, akilipia kiti cha mbele cha 737 akitegemea kulala, atakuta kiti kipana cha kuegemea, kama cha safari ya ndani ya kwenda Chicago. Huduma nzuri, wahudumu wazuri, ila kitanda hakuna.

Rehema, zamani mhudumu wa ndege (London)

Mama Neema, nimefanya kazi hii miaka mingi, nikiwemo kwenye safari za likizo, kwa hiyo nitasema zaidi juu ya kiti, maana shida ya mama ni kiti.

Neno «premium», ambalo mashirika huliita daraja la kati, lisikupoteze. Kwa Condor, daraja la kati ni 2-4-2 vilevile kama la kawaida. Unachoongezewa ni nafasi ya miguu, kiti kinaegemea zaidi, na huduma ya chakula na vinywaji ni bora. Upana ni uleule. Kwa Lufthansa daraja la kati ni kiti kingine: kipana, kina sehemu zake za mikono, na kutoka kiti hadi kiti ni inchi 38. Huku London tuna Norse Atlantic, wanaotumia Boeing 787-9. Hawana daraja la biashara, wana viti 56 vya Premium vilivyopangwa 2-3-2 vyenye inchi 43, na 282 vya kawaida. Kwa hiyo mashirika matatu, neno moja, bidhaa tatu. Ukilinganisha bei bila kujua hilo unaweza kudhani Condor ni rahisi na Lufthansa ni wezi, kumbe kila mmoja anauza kitu chake.

Lakini kwa goti, si lazima upana. Goti linataka kunyooka na mtu kusimama bila kuomba ruhusa. Kwa hiyo daraja la kati la Condor lina maana kwa mama kuliko kwako wewe au mumeo.

Jambo ambalo watu wengi hulichukulia kinyume ni safu ya mbele kabisa inayotazamana na ukuta. Kila mtu anaitaka akidhani ni ya nafasi. Ukikaa pale, hakuna kiti mbele cha kuingiza miguu chini yake. Mtu mrefu miguu yake inagonga ukuta ikiwa imekunjwa, na goti linabaki pembe ileile saa zote. Meza inatoka ndani ya sehemu ya mkono, ndiyo maana sehemu hiyo hainyanyuki na kiti kinakuwa chembamba kidogo. Begi nalo lazima lipande juu wakati wa kuruka na kutua, kwa hiyo dawa za mama ziwe mfukoni. Na hapo ndipo vitanda vya watoto wachanga hufungwa, hivyo tegemea vilio. Safu ya mlango wa dharura msahau kabisa: mtu anayehitaji msaada kutembea haruhusiwi kukaa pale.

Mpangilio ninaokushauri kwenye A330: mama kiti cha njiani upande wa dirisha, mkubwa wa miaka 9 dirishani. Wewe, mdogo na baba watoto kwenye vile vinne vya katikati, wewe ukiwa njiani, ng'ambo tu ya mama. Unaweza kumpa maji bila kuamka. Lipia kuchagua viti siku hiyohiyo unayokata tiketi. Viwili-viwili vya dirishani huisha kwanza.

Usichague safu za mwishoni kabisa ingawa zinaonekana tulivu kwenye ramani. Mwili wa A330 unapungua nyuma, vile vinne vya katikati vinakuwa vitatu, na watu hujipanga foleni ya choo wakiwa wameegemea bega lako.

Mama Neema (Mannheim)

Dada Rehema, asante sana. Hilo la ukuta sikulijua, na nilikuwa karibu kulipia viti vya pale. Swali: nikimweka mama daraja la kati peke yake na sisi tukakaa nyuma?

Rehema, zamani mhudumu wa ndege (London)

Usimwache peke yake. Inawezekana, lakini kila ukitaka kwenda kumwangalia utakuwa unapita kwenye daraja lisilo lako, na mhudumu ana haki ya kukurudisha. Ama watu wazima wawili, mama na mmoja wenu, ama wote pamoja. Kama fedha inatosha viti viwili tu vya daraja la kati, mpeleke na baba watoto, wewe ubaki na watoto. Mdogo wa miaka 4 usiku atakutafuta wewe.

Mzee wa Kisauni (Toronto)

Mimi nitatetea Iceland kidogo, Rehema usinikasirikie. Mtu wa magoti saa 10 mfululizo ni nyingi. Frankfurt–Keflavík ni saa 3 na nusu, mnatembea kidogo uwanjani, halafu karibu saa 8 hadi Vancouver. Icelandair pia wanakuruhusu kukaa Iceland hadi siku 7 bila kuongezewa nauli ya ndege. Mkikaa siku mbili, mama anapumzika kitandani halisi, watoto wanaona maji ya moto yakirushwa kutoka ardhini. Kwa familia ambayo haina haraka, hiyo ni likizo juu ya likizo.

Daraja la kawaida chakula kinanunuliwa, ila vinywaji visivyo na kileo ni bure na watoto wanapewa chakula.

Rehema, zamani mhudumu wa ndege (London)

Mzee, kwa kulala Iceland nakubaliana nawe kabisa. Kwa kuunganisha siku hiyohiyo, hapana, si kwa mama huyu. Pale Keflavík ndege za Ulaya hutua pamoja alasiri, na za Amerika huondoka pamoja jioni. Muda wa kuunganisha huwa mfupi, mara nyingine saa moja na kitu. Ndani yake mna ukaguzi wa pasipoti kwa kuwa mnatoka Schengen, eneo la nchi za Ulaya zenye visa moja, mna foleni, na wakati mwingine basi hadi kwenye ndege iliyoegeshwa mbali na jengo, kisha ngazi. Ngazi ndizo adui wa goti. Halafu saa 8 zinazobaki ni kwenye ndege ya njia moja, viti vitatu-vitatu, mama akiwa njiani na watu wawili wa kuwapisha.

Salma (Offenbach)

Mama Neema, mbona mnazungumzia viti na hamjaongelea visa ya mama? Mimi ningeanzia huko.

Kwanza, Seattle iondoe mezani. Mama akitua Seattle ameingia Marekani, anahitaji visa ya Marekani hata kama anapita tu kwenda Canada. Marekani haina utaratibu wa abiria kubaki upande wa transiti bila kuingia nchini. Halafu mpaka wa barabarani nao unataka visa ya Canada. Visa mbili kwa safari moja ya matembezi, kwa ajili ya kuokoa tofauti ya nauli, si sawa.

Pili, angalia visa yake ya Schengen imeandikwa kuingia mara ngapi. Kama ni mara moja, akipanda ndege ya Vancouver visa hiyo imekwisha, hata kama siku zake 90 hazijaisha. Hatarudi Frankfurt. Familia ninayoifahamu iligundua hili tiketi zikiwa zimeshalipwa. Kama ni ya kuingia mara nyingi, hesabu siku: zile 90 ndani ya siku 180 zinahesabiwa kwa jumla, na siku za Canada hazihesabiwi.

Tatu, visa ya Canada kwa pasipoti ya Tanzania ina alama za vidole na kusubiri. Nyie wenye pasipoti za Kijerumani mnahitaji ile idhini ya mtandaoni ya eTA, dola 7 za Canada, mara nyingi inatoka haraka. Yeye si hivyo.

Baraka (Berlin)

Salma amesema vizuri. Mimi naongeza jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko inchi: safari hiyo inaruka mara ngapi kwa wiki?

Ratiba ya kiangazi ya mashirika huanza Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumamosi inayotangulia Jumapili ya mwisho ya Oktoba, ila safari nyingi za likizo za kuvuka Atlantiki huanza Mei na kukatika mapema. Ndege hizohizo wakati wa baridi hupelekwa Karibea, Bahari ya Hindi, huko kwetu Zanzibar. Shirika la namna hii haliweki ndege ya akiba Vancouver. Likifuta safari, na safari yenyewe inakwenda mara mbili au tatu kwa wiki, wewe unasubiri. Shirika linalokwenda kila siku lina kesho.

Yalinikuta nikirudi kutoka Amerika Kaskazini na shirika moja la msimu, silitaji. Ndege iliharibika, na pale kaunta tukaambiwa safari ijayo ni baada ya siku kadhaa. Watu wengi waliitikia na kwenda hotelini. Mimi niliomba kwa adabu, nikaomba tena kwa maandishi, wanipeleke kwa shirika lingine, kwa sababu sheria ya Ulaya namba 261 ya 2004 inasema shirika likifuta safari, abiria ana haki ya kufikishwa mapema iwezekanavyo, tena kwa njia nyingine. Jioni ya siku iliyofuata nilikuwa angani kupitia mji mwingine. Risiti za chakula na hoteli nilizihifadhi zote, nikarudishiwa.

Sheria hiyo inalinda safari yoyote inayoondoka Umoja wa Ulaya, shirika liwe la wapi. Safari ya kurudi inalindwa kama shirika ni la Ulaya: Condor, Lufthansa, na pia Icelandair na Edelweiss kwa kuwa Iceland na Uswisi zimeingia kwenye utaratibu huo. Fidia kwa umbali wenu ni euro 600 kwa kila abiria, watoto wenye tiketi wakiwemo, isipokuwa sababu ikiwa nje ya uwezo wa shirika, mfano dhoruba. Mkirudi na shirika la Canada, mnaangukia kwenye sheria ya Canada: kuchelewa saa 9 au zaidi kwa kosa lililo mikononi mwa shirika kubwa ni dola 1,000 za Canada.

Jingine ni afya ya kampuni yenyewe. Biashara hii ya Atlantiki ya bei nafuu imezika wengi: Primera Air Oktoba 2018, WOW ya Iceland Machi 2019, Thomas Cook Septemba 2019, na PLAY, hao pia wa Iceland, tarehe 29 Septemba 2025, abiria wakiwa na tiketi mkononi. Condor walikuwa ndani ya kundi la Thomas Cook, na walibaki angani kwa sababu serikali ya Ujerumani ilisimama nao kwa mkopo. Kwa Ujerumani, ukinunua kifurushi cha ndege pamoja na hoteli unapewa cheti cha dhamana kwamba kampuni ikifilisika fedha yako inarudi. Tiketi ya ndege peke yake haina dhamana hiyo. Lipa kwa kadi ambayo unaweza kudai kupitia benki.

Mwanahamisi (Zurich)

Kwa ufupi juu ya Edelweiss, maana nimepanda nao. Ukarimu wao ni wa kweli, na watoto wanatunzwa. Walikuwa na A340 za zamani zenye 2-4-2, na tangu 2025 wanaingiza A350-900 zenye 3-3-3. A350, kama 787, presha ya hewa ndani huwekwa kama ya urefu wa futi 6,000, wakati ndege za zamani hufika hadi 8,000, kwa hiyo ukishuka kwenye A350 uchovu huwa mdogo kuliko kawaida. Lakini kutoka Mannheim hadi Zurich na watoto wawili, mizigo na mama? Mna kiwanja cha Frankfurt nusu saa kwa treni ya ICE. Kaeni nacho.

Athumani (Hamburg)

Chakula: kama mama anataka halali, Lufthansa unaagiza chakula cha Waislamu bila kulipia, mradi iwe angalau saa 24 kabla. Kwa mashirika ya likizo usikadirie, ingia kwenye buking yako uangalie, na uchukue kitu cha kwake mkononi, vitumbua au mkate, si supu.

Na angalieni nauli ya chini kabisa. Condor wana nauli ya kawaida isiyo na begi la kupakia. Watu watano bila begi kwenda kwa dada Canada haiwezekani, kwa hiyo ongeza mabegi, ongeza kuchagua viti, kisha ndiyo ulinganishe na Lufthansa. Kwetu pengo lilipungua sana baada ya hesabu hiyo.

Mama Neema (Mannheim)

Ndugu zangu, mmenisaidia kuliko mlivyodhani. Nimekaa na baba watoto usiku tukafanya hesabu ya Athumani. Seattle tumeifuta. Tunaelekea Condor moja kwa moja, mama na baba watoto daraja la kati, mimi na watoto nyuma yao, tarehe tukizipanga ili siku ya kurudi isiwe ukingoni mwa likizo ya shule. Nimeangalia visa ya mama: ni ya kuingia mara nyingi, alhamdulillahi. Ya Canada tunaanza wiki hii.

Salma (Offenbach)

Vizuri sana. Tiketi msilipe mpaka ya Canada itoke, au mlipe nauli inayoweza kufutwa.

Rehema, zamani mhudumu wa ndege (London)

Ukishalipa, jambo la kwanza omba msaada wa kiti cha magurudumu kwa mama. Hulipii chochote. Kanuni ya Ulaya namba 1107 ya 2006 inamhakikishia msaada huo kuanzia kiwanjani hadi kwenye kiti chake, mradi uombe saa 48 kabla. Frankfurt ni kubwa. Kutoka treni hadi lango la ndege ni mwendo ambao magoti yake hayatauweza. Waambie waziwazi kwamba ngazi hawezi kupanda, kwa sababu kuna msaada wa anayeweza ngazi na wa asiyeweza, na ndege ikiegeshwa mbali na jengo wataleta gari la kumnyanyua. Omba hivyohivyo kwa safari ya kurudi, kwa ombi lake lenyewe, kisha piga simu siku mbili kabla ya kila safari uhakikishe limeandikwa kwenye buking.

Na siku hiyohiyo ya kupiga simu, fungua tena ramani ya viti. Mashirika ya msimu ndege ikiharibika hukodi nyingine pamoja na marubani na wahudumu wake, na viti mlivyolipia vinaweza kuhamishwa. Ukiona mpangilio umebadilika, piga simu papo hapo, wakati viwili-viwili vya dirishani bado vipo.